Kumi ya Kuazima

Usiku wa jana Tusajigwe aliota kwamba Kitabu Kinene amebisha hodi kwenye chumba chake cha kushonea, akafuta miguu mlangoni, akaomba kupimwa suti.

Hakushangaa. Fundi cherehani wa Tukuyu huonana na miili ya kila namna, na mvua ya kule imewazoesha watu kumwingiza mgeni ndani kwanza, ndipo wamuulize shida yake. Akamvutia kigoda. Akaitoa shingoni futi yake, ule utepe wa njano ambao namba zake za mwanzo zilishafutika kwa kazi, akaanza na mabega.

"Vuta pumzi, baba," akamwambia.

"Pumzi sina," akajibu Kitabu Kinene. "Nina mazoezi. Mia mbili kila sura."

Tusajigwe akaandika ukutani kwa chaki: pumzi hana.

Ni vizuri tuseme mapema huyu mama alilala na nini kichwani. Binti yake Bupe, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa anasomea nyumbani tangu Januari. Kila asubuhi yenye kipindi cha hisabati mtoto alikuwa anatapika kabla hajafika kwenye geti la shule, hadi mama yake akasema basi, atasoma hapa hapa kando ya cherehani. Na alisoma. Kiswahili alikimeza, sayansi aliidaka, alisoma hata gazeti lililofungiwa maandazi na kulalamika kwamba limechanwa katikati ya habari. Hisabati peke yake ndiyo iliyogoma.

Kwa hiyo ulitakiwa mtaala. Muuza vitabu mmoja wa Mbeya alikuwa amempa Ambakisye, mume wake, vipeperushi vya mitaala mitatu ya hisabati kwa watoto wanaosomea nyumbani: kitabu kinene, somo la kwenye simu, na boksi la vijiti vya kuhesabia. Tusajigwe alivibandika ukutani kwa pini, akavisoma wiki mbili, akilinganisha kurasa kwa kurasa na mazoezi kwa mazoezi mpaka macho yakamuuma. Jumamosi asubuhi Ambakisye angeendesha lori la kiwanda cha chai kwenda Mbeya, na angerudi na mtaala mmoja. Kama mke wake angekuwa hajachagua, basi Jumatatu Bupe angepanda basi kwenda Dodoma kukaa kwa shangazi yake, ambako mwalimu wa jioni alikwishatafutwa na kitanda kilikwishatandikwa.

Shangazi hakuwa na ubaya wowote. Ila kila Tusajigwe alipoifikiria ile meza ya kukatia vitambaa bila kile kichwa kilichoinamia kitabu upande wa pili, aliacha kushona. Na kama vile hiyo haitoshi, uzi wa kijani ulikuwa umemwishia tangu Alhamisi, madukani nako haukuwapo, na sare moja ya kwaya ilikuwa inaning'inia msumarini ikisubiri pindo. Ndivyo alivyolala Ijumaa.

Turudi ndotoni, maana wageni wameshajaa.

Wa pili kuingia ni Simu. Ana nyota kichwani na kila akiguswa anasema hongera. Tusajigwe anampima kiuno.

"Hongera," anasema Simu. "Hakuna aliyewahi kunipima vizuri hivi."

Pini inamteleza fundi, inamchoma Simu ubavuni.

"Hongera. Umechoma kwa usahihi. Umepata nyota tatu."

Tusajigwe anajisikia vizuri kuliko alivyowahi kujisikia mwaka mzima. Anamchoma tena kidogo, kuhakikisha. Anapata nyota nne.

Wa tatu ni Boksi la Vijiti. Huyu hasemi. Anapopimwa anasogea pembeni kuwapisha wenzake, na ndani yake vinasikika vijiti vikigongana taratibu. Tusajigwe anaandika ukutani: mpole.

Kisha anakata. Kitambaa ni cha miraba, kama karatasi za daftari la hesabu, na mkasi unakipita bila kelele. Cherehani inashona yenyewe huku ikiimba jedwali la saba kwa sauti ya pili ya kwaya. Kutoka kwenye vipimo vya wageni watatu linatoka gauni moja, na fundi mwenyewe analitazama na kuridhika.

"Bupe," anaita. "Njoo ujaribu."

Bupe anakuja, analivaa. Mikono ya gauni inavipita vidole vyake, inaipita sakafu, inatoka dirishani na kuteremka mlimani hadi kwenye mashamba ya chai. Shingo ya gauni imemfika magotini. Bupe anasimama humo ndani kwa adabu zake zote.

"Asante, mama," anasema. "Ni zuri."

Futi inakohoa.

"Mama Bupe," inasema, "umempima nani?"

"Wageni."

"Na anayevaa ni nani?"

Hapo Tusajigwe anaona aibu, tena aibu ya kazini, ambayo kwa fundi ni mbaya kuliko nyingine zote. Tukuyu nzima inamjua kwa maneno mawili. Mtu akimletea gauni la zamani amshonee mfano wake, au akimwambia mwenye nguo yuko Kyela ila ni mwembamba wa kawaida, yeye huweka mkasi chini na kusema, "Leteni mwili." Alishawahi kumrudisha mama wa bibi harusi aliyekuja na vipimo kwenye simu. Na sasa kwa wiki mbili amepima karatasi, wakati mwenye mwili anakaa naye meza moja na kula naye sahani moja.

"Simama wima, mwanangu," anasema.

Futi inajizungusha yenyewe kichwani kwa Bupe na kuanza kusoma kwa sauti.

"Kichwa kizima. Hapa kuna mito yote ya Tanzania na inakoelekea. Hapa kuna hadithi alizotunga ambazo hajamsimulia mtu. Hapa kuna namna ya kumnyamazisha mtoto wa Mama Lusekelo akilia. Pazuri sana hapa." Inasimama kidogo. "Ila kuna mahali nguo imevuta."

"Wapi?"

"Kwenye kutoa."

Futi inashuka, inapita mlangoni, inajinyoosha ikawa njia, nao wanaifuata. Kwa kuwa namba za mwanzo zilishafutika, wanaanzia safari katikati.

Chumba hakipo tena. Wako kwenye mashamba ya chai, mvua inanyesha kwa mistari iliyonyooka, na mbele yao kuna nyumba yenye namba mlangoni: 52. Chumba cha ndani anakaa Tano, mama mnene mwenye mafungu matano ya vijiti, kila fungu vijiti kumi, limefungwa kwa uzi wa kijani. Sebuleni anakaa Mbili. Huyu ni mwembamba, ana vijiti viwili mkononi na wasiwasi usoni.

Mlangoni amesimama mtu mwenye gunia.

"Nimekuja kutoa thelathini na nane," anasema, kwa upole wa mtu aliyetumwa. "Tunaanza na nane."

Mbili anatazama vijiti vyake viwili. Kisha anachukua bakuli la bluu, na Tusajigwe anaona kwamba ni bakuli lake mwenyewe, lile lililomeguka ukingoni, la kabati la jikoni. Mbili anabisha hodi chumba cha ndani.

"Jirani, naomba uniazime kumi."

"Chukua," anasema Tano.

Mbili anafungua uzi wa fungu, anakuwa na vijiti kumi na viwili. Anahesabu vinane, anamtilia mwenye gunia, anabaki na vinne. Mpaka hapo mambo ni safi, na Tusajigwe anaanza kupumua.

Ndipo Bupe anapolichukua lile bakuli. Anatoka nje mvuani, anakunja mikono ya gauni lake mara nyingi mpaka viganja vinaonekana, anachuma vijiti kwenye michai hadi vinatimia kumi. Anavifunga. Anavipanga bakulini, anampelekea Tano kwa mikono miwili na goti limekunjwa kidogo.

"Shikamoo. Tumerudisha kumi yenu. Tunashukuru sana."

Basi Tano anakuwa tano tena. Mwenye gunia anachukua mafungu matatu, yanabaki mawili. Mafungu mawili na vijiti vinne: ishirini na nne. Mwenye gunia anatazama gunia lake, anaitazama nyumba.

"Pamezidi kumi," anasema.

Kutoka mawinguni linaanguka kosa. Ni lile lile la kalamu nyekundu, mistari miwili iliyokatana, ila hili ni la mbao na lina urefu wa mlango. Bupe haulizi. Analibeba begani, anazunguka nalo nyuma ya nyumba, na Tusajigwe anamfuata.

Nyuma ya nyumba kuna rundo. Makosa yote ya Bupe tangu darasa la tatu yako pale, yamepangwa kama kuni, mazito chini na mepesi juu, na juu kabisa amefunika nailoni yasilowe. Mtoto analiweka la leo mahali pake, anavuta nailoni, anajifuta mikono.

Tusajigwe analitazama rundo lile. Anakumbuka shuleni walivyosema mtoto huyu ni mzito, ni mvivu, hana kichwa cha namba. Mvivu gani huyu anayetoka mvuani kila hesabu kwenda kuchuma kumi ambayo si deni lake? Moyo unamjaa mpaka anashindwa kuuficha, naye ndotoni hana haja ya kuuficha.

"Bupe," anasema, "nani alikwambia urudishe?"

Bupe anamtazama kana kwamba swali hilo ndilo gumu kuliko yote.

"Si wewe, mama? Kitu cha watu kinarudishwa. Mwalimu alisema Mbili anaazima kwa jirani. Nikasubiri arudishe. Hakurudisha. Kesho yake akaazima tena. Kila siku anaazima na bakuli letu, na hajarudisha hata siku moja. Niliona aibu mimi."

Ni kweli tupu. Nyumbani kwao kazi ya kurudisha vyombo vya majirani ni ya Bupe tangu alipokuwa anafikia kitasa, na hajawahi kurudisha sahani ya mtu ikiwa tupu. Ikija na maharage inarudi na ndizi. Ndizi zikikosekana, itarudi hata na limau moja. Ndivyo alivyolelewa, na aliyemlea hivyo ndiye huyu anayemuuliza.

Kitabu Kinene anafika. Hahemi, kwa sababu pumzi hana.

"Dawa ipo," anasema. "Afanye mengine mia mbili."

Tusajigwe anapiga hesabu ya haraka: mvua mara mia mbili, na mbao mia mbili juu ya rundo.

"Keti chini, baba," anamwambia.

"Hongera," anasema Simu, akiwa amelowa. "Umezidisha kumi. Kumi ni nyingi."

Boksi la Vijiti hasemi. Anafungua kifuniko chake tu, na ndani yake Tusajigwe anaona nyumba ile ile, ndogo, yenye mafungu matano na vijiti viwili, na uzi wa kufungua na kufunga.

Tano anatoka chumbani kwake. Ameshika kiuno kwa namna ya mtu aliyevumilia jambo miaka mingi.

"Ndaga, mwanangu," anamshukuru Bupe. "Hakuna aliyewahi kunirudishia, na kumi zako zote nimezitunza. Lakini njoo nikuonyeshe kitu." Anamshika mkono, anampeleka hadi barazani. "Soma mlango."

"Hamsini na mbili."

"Milango ya kuingilia ni mingapi?"

"Mmoja."

"Basi Mbili si jirani yangu. Ni mdogo wangu, tunakaa nyumba moja, tunakula chungu kimoja. Ile kumi haikwenda kokote. Ilitoka chumbani ikaenda sebuleni. Wewe chumvi ikitoka kabatini kwenda mezani, unairudishia kabati chumvi nyingine?"

Bupe anafikiri. Mvua inasimama hewani kumsubiri. Tusajigwe anaona uso wa binti yake ukifunguka kidogo kidogo, na anajua kwamba hata akiishi miaka mia hatashona kitu kizuri kuliko hicho anachokitazama.

"Kwa hiyo hakuazima," anasema Bupe.

"Alichukua cha nyumbani."

"Na lile bakuli?"

"Mazoea yake tu. Ana adabu nyingi, kama wewe."

Bupe anaweka chini vijiti alivyochuma. Mafungu ya Tano sasa ni manne. Mwenye gunia anachukua matatu, linabaki moja. Fungu moja na vijiti vinne. Mwenye gunia anatazama ndani ya gunia, anatazama nyumba, anavua kofia.

"Kumi na nne," anasema. "Sawasawa kabisa."

Wote wanatazama juu. Hakuna kinachoanguka.

Lakini Bupe hajamaliza. Ameokota kitu sakafuni, ule uzi wa kijani uliokuwa umefunga fungu, na anauweka ndani ya bakuli la bluu.

"Na uzi?" anauliza. "Huu tunamrudishia nani?"

Tano anafungua mdomo kujibu, na kutoka kinywani mwake inatoka ngurumo ya lori.

Ilikuwa ni Ambakisye anapasha injini moto nje. Kulikuwa kumepambazuka. Tusajigwe aliamka akaenda jikoni bila hata kufunga kitenge vizuri.

Bupe alikuwa amekwishaamka. Alikuwa anapepeta unga wa uji kwenye sinia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu nisaidie kitu. Hamsini na mbili, toa thelathini na nane."

Uso wa mtoto ulibadilika rangi, na mkono mmoja ukaenda tumboni. Lakini alikuwa ameombwa msaada, na Bupe akiombwa msaada hakatai. Akaandika kwa kidole juu ya unga. Ishirini na nne.

Tusajigwe hakusema kwamba ni kosa. Aliketi sakafuni karibu yake.

"Ulimrudishia kumi yake?"

Bupe akainamisha kichwa. Ilionekana wazi kwamba siri hii hakuwahi kumwambia mtu.

"Nilimrudishia," alisema kwa sauti ya chini. "Ni vibaya?"

"Si vibaya. Ni vizuri sana, mwanangu. Ila hao wawili si majirani. Wanakaa nyumba moja."

Bupe alivuta sinia karibu. Alipitisha kiganja akaifuta ile mbili ya mbele, akaandika moja. Kumi na nne. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akasawazisha sinia na kujipa hesabu yake mwenyewe: themanini na moja, toa arobaini na sita. Thelathini na tano. Akajipa nyingine, kubwa zaidi, na mkono ule wa tumboni ukashuka wenyewe kuja kusaidia kushika sinia. Tusajigwe aligeukia dirishani kidogo, akajifanya anatazama hali ya hewa.

Ambakisye aliingia na buti zake hadi kizingitini.

"Mama Bupe, naondoka. Dada amepiga tena, anataka kujua basi ni la saa ngapi. Umechagua?"

"Nimechagua. Lete lile boksi la vijiti."

"Lile? Mbona ndilo dogo kuliko yote? Kile kitabu kinene si kina mazoezi mpaka basi?"

"Linamtosha."

"Umejuaje?"

"Nimempima."

Ambakisye alimjua mke wake. Alikuwa mumewe kwa miaka mingi na hajawahi kumwona akikosea kipimo. Alitazama sinia la unga lililojaa namba, akamtazama binti yake ambaye alikuwa anatafuna ulimi kwa raha, akitoa kitu kisichojulikana kwenye mia tatu na nne.

"Na Dodoma?"

"Mwambie wifi namsalimu sana, na nashukuru kwa kitanda. Bupe haendi."

Ambakisye akatikisa kichwa kukubali, akaenda. Lori likateremka mlimani.

Bupe aliufikia ukingo wa sinia, akakumbuka uji. Akafungua kabati, akatoa bakuli la bluu, lile lililomeguka ukingoni. Akachungulia ndani. Akaingiza vidole viwili, akatoa kipande cha uzi wa kijani, kikiwa bado kimejikunja pale fundo lilipokuwa.

"Mama," alisema, "huu tunamrudishia nani?"

Tusajigwe aliuchukua. Aliunyoosha dhidi ya mwanga, akaulowesha ncha kwa midomo, akaupitisha kwenye tundu la sindano. Kisha akaishusha ile sare ya kwaya msumarini na kuigeuza upande wa pindo.

"Acha," alisema. "Ni wa nyumbani."